Wiki Saba za Tai, Siku Nne za Jahazi

Kwa wiki 7 nilivaa tai kwenda kazini, na kazi yenyewe sikuwa nayo.

Najua unacheka. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka. Lakini wakati ule haikuwa kichekesho, na nisingekutana na mzee mmoja wa Kunduchi na jahazi lake, huenda mpaka leo ningekuwa bado navaa tai, tena nikiwa mwanaume asiye na mke.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Septemba 2019. Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi mjini ilipunguza watu, na mimi nikawemo. Nilikuwa mhasibu, nimekaa pale miaka 6. Nikapewa barua, nikapewa malipo ya miezi 3, nikaambiwa asante. Boksi la vitu vyangu nililiacha kwa mlinzi, maana ningeingia nalo nyumbani lingesema kabla yangu.

Nilipofika kwetu Mbagala Kizuiani, mke wangu alikuwa anasahihisha daftari la hesabu la binti yetu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, basi hata nyumbani ni mwalimu. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Za kazi, baba watoto?" Nikajibu, "Nzuri." Neno moja tu. Nilijiambia nitamweleza baada ya chakula. Baada ya chakula nikasema kesho. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, nani anamharibia mtu wikiendi? Jumatatu saa 11 alfajiri nikaamka, shati limeshapigwa pasi, linaning'inia mlangoni. Ningesema nini? Nikalivaa.

Ndivyo uongo unavyoanza, mpenzi msomaji. Mara nyingi hukusudii kudanganya. Unaahirisha tu.

Bwana Tai

Mwanaume mwenye tai asiye na kazi anakwenda wapi Dar es Salaam? Wiki ya kwanza nilishinda maktaba. Ya pili nilizunguka na bahasha ya vyeti mpaka soli ikaisha. Ya tatu nikagundua Feri, soko la samaki pale Kivukoni. Pale kuna kelele, kuna mnada, kuna harufu, na kila mtu ana shughuli zake, hakuna wa kukuuliza wewe ni nani. Nilikuwa nafika saa 4 asubuhi, nakunywa kahawa kwa kashata, naangalia vyombo vinavyoingia na kutoka. Mwisho wa Oktoba nilichukua sehemu ya yale malipo ya miezi 3, nikampa mke wangu kama mshahara. Akanishukuru. Usiku ule sikulala.

Hapo kwenye kahawa ndipo nilipozoeana na Nahodha. Hilo ndilo jina nililokuwa namwita, na wengine wote walimwita hivyo hivyo. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, mwenyeji wa Kunduchi Pwani, anaendesha jahazi la mizigo kati ya Dar na Unguja. Kila asubuhi namwamkia, "Shikamoo Nahodha," naye anaitikia, "Marahaba, Bwana Tai." Jina likanikaa, na mabaharia wake wote wakaniita hivyo.

Siku moja, katika kupiga soga, nikamsimulia mambo niliyowahi kusoma. Nikamwambia huko Ulaya kuna meli kubwa za matanga zenye milingoti mitatu, na tangu mwaka 1956 zinashindana, zikianzia na mashindano ya kutoka Torbay, Uingereza, mpaka Lisbon, Ureno. Sharti mojawapo ni kwamba nusu ya watu walio melini wawe vijana wa kati ya miaka 15 na 25, wengine hawajawahi kugusa kamba maishani. Hata Oman wana meli yao ya namna hiyo, Shabab Oman II. Na wengi wa vijana hao wanalipa ili wapande.

Nahodha akaweka kikombe chini. "Wanalipa ili wapelekwe, au wanalipa ili wafanye kazi?"

"Wanalipa ili wafanye kazi, Nahodha. Kupanda mlingoti, kuvuta kamba, kusugua sitaha."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi hawa vijana wangu wananidai mshahara wa nini?"

Nikamwongezea habari ya Alan Villiers, baharia wa Australia. Huyu mwaka 1934 alinunua meli ya zamani ya mafunzo iliyojengwa Denmark mwaka 1882, akaiita Joseph Conrad, akazunguka nayo dunia nzima na vijana wanafunzi kwa miaka 2. Alikuwa nahodha kamili, mwenye jina. Lakini mwaka 1938 akaenda Aden, akapanda chombo cha Waarabu wa Kuwait kinachoitwa Bayan, akawa kama mwanafunzi tena chini ya nahodha Ali bin Nasr Al-Nejdi. Wakaja naye pwani yetu hii, Zanzibar, mpaka delta ya Rufiji mwaka 1939 kupakia boriti za mikoko. Safari yote akawa anauliza na kuandika, na kitabu chake kikatoka mwaka 1940.

Nahodha hakucheka safari hii. "Huyo alikuwa mtu," akasema. "Mwenye kujua akikubali kuonekana hajui, huyo ni mtu."

Sijui nini kilinipata. Nikasikia nasema, "Nahodha, na mimi nichukue."

"Jahazi la mizigo halibebi abiria. Ni kosa."

"Sitaki kuwa abiria. Nichukue kama baharia mwanafunzi."

Akaniangalia viatu, vilivyong'arishwa kama vya bwana harusi. "Kuogelea unajua?"

"Sijui."

"Angalau hapo umesema kweli," akasema. Akaniambia nije Ijumaa, jina langu litaandikwa na wenzangu, jaketi la kujiokoa ni lazima, na tai niiache.

Nyumbani nikasema bosi kanituma Zanzibar kukagua hesabu za tawi, narudi Jumapili jioni. Mke wangu akanipangia begi: mashati mawili, suruali, dawa ya meno. Na tai.

Ngama

Tuliondoka Ijumaa usiku wa manane, katikati ya Novemba, na umande, ule upepo wa usiku unaotoka nchi kavu. Tulikuwa watu 6, na shehena ya vitunguu, viazi na mbao. Chombo chetu hakikuwa na mashine. Kutoka Dar mpaka mji wa Zanzibar ni kama kilomita 70. Boti ziendazo kasi zinatumia saa 2 hivi, sisi ilikuwa upepo utakavyopenda. Na Novemba ni majira ya tangambili: kusi imeshachoka, kaskazi bado haijashika, upepo hauna msimamo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuvuta henza, kamba inayopandisha foromali. Foromali ni ule mti mrefu unaobeba tanga. Kwa macho unaona mti tu, ukiuvuta unajua una uzito wa makosa yako yote. Wenzangu wanavuta kwa wimbo, mimi navuta kwa kukata pumzi. Tanga lilipojaa, viganja vilikuwa vimeshatoka malengelenge. Tulipoipita Bongoyo na mawimbi ya nje kutupokea, nikalala tumbo juu ya magunia nikatapika kila kitu, mpaka kashata ya wiki iliyopita. Dogo mmoja wa miaka kama 19 alinipa kipande cha limau ninyonye. "Pole, Bwana Tai. Hata mimi siku ya kwanza niliita mama."

Kulipoanza kupambazuka Nahodha akaniita, akanipa kidumu kilichokatwa. "Wewe ni mtu wa ngama."

Kwa wasiojua, ngama ni maji yanayokusanyika chini kabisa ya chombo. Kila jahazi la mbao lina ngama. Maji yanapenya kidogo kidogo kwenye maungio ya mbao, mawimbi yanaongeza, mvua inaongeza. Si aibu ya chombo. Kazi ya mtu wa ngama ni kushuka kila baada ya muda, kuangalia yamefika wapi, kuyafua, yaani kuyateka na kuyamwaga nje, kisha kumwambia nahodha. Nahodha alisisitiza hilo la mwisho mara mbili: "Kuyafua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusema."

Mara mbili za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Nikashuka, nikafua, nikapaza sauti, "Kifundo cha mguu!" Nahodha akaitikia. Mara ya tatu nikakuta maji yamefika katikati ya muundi. Nikafua. Hayapungui. Nikafua haraka zaidi. Hayapungui. Jasho linanitoka, kichefuchefu kinarudi, na kichwani nina wazo moja tu: wakijua, wataona nimeshindwa hata kazi ya kidumu. Nikaendelea kimya kimya. Nusu saa nzima.

Aliyenigundua ni yule dogo, alikuja kuchota maji ya kunywa kwenye pipa. Akachungulia, akapiga ukelele mmoja. Kufumba na kufumbua watu 3 wako chini, magunia yanasogezwa, mmoja anapapasa mbao kwa vidole mpaka akapata mahali kalafati ilipong'oka. Wakapachika pamba iliyolowekwa mafuta, wakaigongomea kwa patasi. Robo saa, kwisha. Hata kahawa iliyokuwa jikoni, kwenye lile sanduku la mchanga, haikupoa.

Nilijiandaa kutukanwa. Nahodha hakupandisha sauti. Alishika kana ya usukani, macho mbele.

"Ulikaa nayo muda gani?"

"Nusu saa, Nahodha."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani nitaimaliza mwenyewe."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Tundu lilikuwa dogo, mwanangu. Kimya chako ndicho kilikuwa kikubwa."

Nikageuka upande wa bahari. Niliwaacha waamini ni kichefuchefu.

Bahari shwari

Jumamosi alasiri tukauona mnara wa taa wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, umesimama mweupe kwenye kisiwa chake, na baadaye nyumba za Mji Mkongwe. Mpaka Jumapili mchana tulikuwa tunashusha mzigo. Magunia mawili ya vitunguu yalikuwa yamelowa, na Nahodha akayalipa kutoka mfukoni mwake. Nilipotoa pochi akanizuia. "Utalipa kwa kukaa na ngama kurudi."

Tukaweka farumi ya mchanga ili chombo kisiwe chepesi, tukaondoka Jumapili usiku. Nilikuwa nimeshachelewa, na simu ilikuwa imekufa chaji. Jumatatu alfajiri mvua ya vuli ikatupiga, nikavuta kamba na wenzangu bila kuuliza. Halafu jua lilipopanda, upepo ukafa. Kabisa. Tanga likaning'inia kama shuka iliyofuliwa. Bahari ikawa kama kioo, na sisi katikati yake, bila mtandao, bila mashine, bila la kufanya.

Ilikuwa saa 3 asubuhi. Kwa hesabu za nyumbani, nilikuwa ofisini.

Nadhani ni ule ukimya. Nilikaa karibu na Nahodha nikamwambia yote: barua, boksi, mashati, mshahara wa uongo. Alisikiliza huku anashona tanga lililochanika. Nilipomaliza akasema, "Hilo najua."

"Unajua vipi?"

"Mtu mwenye kazi haji Feri kila siku saa 4 asubuhi, viatu vimepigwa rangi." Akakata uzi kwa meno. "Ngama yako imefika wapi?"

Nikafikiri. Ada ya shule ya binti ilikuwa inakuja Januari. Pesa zilizobaki zilikuwa za mwezi mmoja. "Magotini," nikasema.

"Basi seme kabla haijafika kifuani. Ikifika kifuani, hata ukisema, watu wanaruka, hawafui."

Upepo mdogo wa kaskazi ulikuja jioni. Usiku wa kuamkia Jumanne tukaanza kuona taa za Kunduchi, na kisiwa cha Mbudya kikawa giza zito mbele yetu. Dogo akaniazima kitochi chake, nikaweka laini yangu. Zikaingia meseji 14. Ya mwisho ilikuwa na maneno mawili: "Nimepiga ofisini."

Mikono ilinitetemeka kuliko kwenye henza. Nikapiga. Akapokea kabla haijaita mara ya pili. Nikasema yote kwa pumzi moja, bila "unajua mpenzi," bila kujitetea. Kimya. Halafu akauliza:

"Uko wapi?"

"Baharini."

"Baharini wapi?"

"Kwenye jahazi. Naona Mbudya."

Kimya tena. Kisha, kwa sauti ambayo sitaisahau: "Umevaa jaketi?"

"Nimevaa."

"Basi fika kwanza." Akakata.

Shati na tai

Ningependa kukuambia kwamba nilifika, akanikumbatia, mambo yakaisha. Hayakuisha. Nilimkuta mezani na ile tai yangu nyingine ameikunja mbele yake. Hakulia, hakupiga kelele. Akasema, "Kazi ilipotea siku moja. Hiyo si kosa lako. Lakini mimi nilikupigia pasi shati kila siku kwa wiki saba, nikijua nakusaidia kutafuta riziki yetu. Ulikuwa unalivaa ukiniangalia usoni."

Sikuwa na jibu. Na jibu halikuwepo.

Akachukua watoto akaenda kwa dada yake Tandika. Siku 9. Nilienda kila jioni, nakaa barazani na shemeji, wakati mwingine mke wangu anatoka, wakati mwingine hatoki. Siku ya 9 alitoka na daftari. Tukaandika kila kitu: pesa iliyobaki, ada, kodi, deni la duka. Nilipofika mwisho wa ukurasa nikamsimulia habari ya ngama na ile nusu saa yangu ya kimya. Akacheka kwa mara ya kwanza. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Na mimi ninayo." Alikuwa amekopa laki 8 kwenye kikoba chao cha walimu kumsaidia kaka yake, na alikuwa analipa kimya kimya tangu Juni.

Tukaiandika nayo. Kwa mhasibu aliyeshinda nje akidanganya, na mwalimu aliyekuwa anapunguza pesa ya mboga kulipa deni, lile daftari lilikuwa hesabu ya kwanza ya kweli ndani ya nyumba yetu tangu ndoa.

Binti alianza muhula kwa nusu ada, baada ya mimi na mama yake kwenda pamoja kuongea na shule. Kazi ya maana nilikuja kupata baada ya miezi 5, Aprili 2020, watu wote wakiwa na hofu ya korona: nikaanza kuwashikia hesabu wafanyabiashara wadogo wanaosafirisha mizigo kwa majahazi. Mteja wangu wa kwanza unamjua. Aliniletea risiti zake zote kwenye mfuko wa rambo, nusu zimelowa, akasema, "Sasa mimi ndiye mwanafunzi."

Sijawa baharia. Kuogelea nimejifunza kidogo, pale ufukweni Kigamboni, binti yangu akinicheka. Ila kitu kimoja nilikileta nyumbani. Nilidhani mwanaume wa nyumba ni yule asiyevujisha hata tone. Nahodha mwenye miaka zaidi ya 40 baharini hadhani hivyo. Yeye anajua kila chombo kinavuja, ndiyo maana anaweka mtu wa kuangalia na kusema.

Kila Ijumaa usiku watoto wakishalala, mmoja wetu anamuuliza mwenzake, "Ngama ikoje?" Wiki nyingine jibu ni "pakavu," tunaangalia tamthilia tunalala. Ijumaa iliyopita mimi ndiye niliyeulizwa. Nilikuwa na habari ya mteja aliyeondoka na deni langu, nimekaa nayo tangu Jumatano. Nikatazama chini kidogo.

"Kifundo cha mguu," nikasema.

Mke wangu akazima televisheni, akavuta daftari.